Kuchanika kwa aota: kuutambua, kuupima na kuutibu ugonjwa usiosubiri

Mgonjwa anayefika hospitalini akiwa ameshika kifua hudhaniwa kwanza kuwa amepata mshtuko wa moyo. Anayeshika tumbo la juu huambiwa ana vidonda vya tumbo au gesi, na anayelalamikia mgongo hupewa dawa ya maumivu na kushauriwa apumzike. Mara nyingi dhana hizo huwa sahihi, kwa sababu maradhi hayo yameenea. Lakini upo ugonjwa mmoja unaoweza kujificha nyuma ya malalamiko yote hayo, ambao usipotambuliwa mapema huua ndani ya saa au siku chache, na ambao dawa iliyokusudiwa kwa mshtuko wa moyo inaweza kuuharakisha badala ya kuuzuia. Ugonjwa huo ni kuchanika kwa aota, yaani kuachana kwa tabaka za mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Si ugonjwa wa kila siku: katika nchi zenye kumbukumbu nzuri za wagonjwa inakadiriwa kwamba huwapata watu 3 hadi 6 katika kila 100,000 kwa mwaka. Uchache huo ndio unaomponza mgonjwa, maana tabibu anaweza kufanya kazi kwa miaka bila kuufikiria, na kipimo ambacho hakuna aliyekifikiria hakiombwi.

Aota huanzia kwenye chemba ya kushoto ya moyo, hupanda kidogo kuelekea shingoni, hupinda nyuma ya mfupa wa kidari huku ikitoa matawi ya kichwa na mikono, kisha huteremka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, ambako hugawanyika kwenda miguuni. Kwa mtu mzima, upana wake karibu na moyo ni kama sentimita 3, na takribani lita 5 za damu hupita humo kila dakika mtu akiwa ametulia. Ukuta wake una tabaka tatu: la ndani ni jembamba na laini, nalo ndilo linalogusana na damu, la kati ni nene, limesukwa kwa nyuzi zinazonyumbulika pamoja na misuli, na la nje huushikilia mshipa mahali pake. Ugonjwa huanza pale tabaka la ndani linapochanika. Damu inayosukumwa kwa nguvu huingia katika ufa huo na kujipenyeza ndani ya tabaka la kati, mithili ya mkono unaoukosa mfuko wa koti ukapita kati ya kitambaa na bitana iliyofumuka. Kila pigo la moyo linaweza kuusukuma mchaniko mbele zaidi. Mwishowe aota huwa na njia mbili za damu: njia ya kweli, ambayo mara nyingi husongwa ikawa nyembamba, na njia bandia iliyojichimba ndani ya ukuta.

Njia hiyo bandia haina ukuta kamili wa kuizuia upande wa nje, hivyo inaweza kupasuka. Ikipasuka karibu na moyo, damu hujaa katika mfuko unaouzunguka moyo na kuubana hadi ushindwe kupokea damu. Ikipasuka sehemu inayoteremka, damu humwagika kifuani, mara nyingi upande wa pafu la kushoto. Mchaniko unaweza pia kurudi nyuma hadi kwenye vali ya aota, vali ikashindwa kufunga, na damu iliyokwisha kutoka ikarejea moyoni. Kisha kuna matawi. Tawi lolote ambalo mchaniko unapita mlangoni pake linaweza kuzibwa, na dalili zitakazoonekana zitategemea tawi lililozibwa: la kwenda ubongoni huleta kiharusi, la moyo wenyewe huleta mshtuko wa moyo halisi, la utumbo huleta maumivu makali ya tumbo, la figo husimamisha mkojo, la mguu huuacha mguu ukiwa wa baridi na usio na mpigo, na yale yanayolisha uti wa mgongo yakizibwa mgonjwa hupooza kuanzia kiunoni. Mgonjwa mmoja anaweza kuanza na maumivu ya kifua saa mbili usiku, akapoteza nguvu za mkono saa tatu, na kufikia saa nne akawa analalamikia tumbo. Anayeangalia kila dalili peke yake atatibu magonjwa matatu, wakati ugonjwa ni mmoja unaosafiri.

Miongoni mwa maelezo ya mwanzo yaliyo wazi ni ya kifo cha Mfalme George II wa Uingereza, aliyeanguka akiwa chooni katika kasri la Kensington, London, tarehe 25 Oktoba 1760. Daktari wake, Frank Nicholls, aliukagua mwili na kukuta mfuko wa moyo umejaa damu, na kwenye aota kukiwa na ufa ambao damu ilikuwa imepitia na kuingia kati ya tabaka za ukuta. Mwaka 1819 Mfaransa René Laennec, yule aliyebuni stetoskopu, aliuelezea ugonjwa huu na kuupa jina lililoenea Ulaya. Hata hivyo, kwa karibu karne mbili baada ya kifo cha mfalme, utabibu uliweza kuueleza vizuri ukiwa tayari juu ya meza ya uchunguzi wa maiti, na hapo ndipo ujuzi wenyewe ulipoishia. Ni mwaka 1954 ambapo Michael DeBakey na wenzake mjini Houston, Marekani, walianza kuurekebisha kwa upasuaji, wakachapisha matokeo yao mwaka uliofuata.

Kabla ya kuzungumzia tiba ni lazima kueleza mgawanyo mmoja, kwa kuwa uamuzi wote wa baadaye unauegemea. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza mwaka 1970 kwamba ugonjwa huu ugawanywe katika aina mbili kwa kuuliza swali moja tu: je, sehemu ya aota inayopanda kutoka moyoni imehusika au haikuhusika? Ikiwa imehusika, hata kama mchaniko umeendelea hadi tumboni, hiyo ni aina A. Ikiwa mchaniko uko katika sehemu inayoteremka tu, baada ya matawi ya kichwa na mikono, hiyo ni aina B. Uzuri wa mgawanyo huo ni kwamba unamwambia tabibu la kufanya. Aina A iko jirani na moyo, vali na mishipa ya ubongo, na kwa kawaida huhitaji upasuaji wa dharura. Aina B mara nyingi hutulizwa kwa dawa chini ya uangalizi wa karibu.

Kwa nini ukuta uchanike? Sababu kubwa kuliko zote ni shinikizo la juu la damu, hasa lile lisilotibiwa au linalotibiwa kwa kusitasita. Mwaka 1996 lilianzishwa daftari la kimataifa la wagonjwa wa aina hii, linalojulikana kwa kifupi kama IRAD, na ripoti yake ya kwanza iliyotoka mwaka 2000 ikihusu wagonjwa 464 ilionyesha kwamba asilimia 72 kati yao walikuwa na historia ya shinikizo la juu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na karibu theluthi mbili walikuwa wanaume. Takwimu hizo zilikusanywa katika hospitali kubwa zilizo mbali na kwetu, lakini sababu inayotajwa tunaishi nayo. Tafiti za kitaifa zilizofanyika Tanzania mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015 zilikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne akiwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wanatibiwa. Mtu anayemeza dawa ya presha siku anapoumwa kichwa na kuiacha kichwa kikipoa anauacha ukuta wa aota ukipigwa kwa nguvu isiyo ya kawaida mchana na usiku, na ukuta huo hautoi taarifa hadi siku unapochanika.

Kwa vijana sababu huwa nyingine. Wapo waliozaliwa na tishu dhaifu, kama wenye ugonjwa wa Marfan: mara nyingi huwa warefu kupita ndugu zao, wenye mikono na vidole virefu mno, kifua kilichobonyea au kuchomoza, na matatizo ya lenzi ya jicho. Wapo waliozaliwa na vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu. Kokeini hupandisha shinikizo ghafla na inaweza kuuchana mshipa wa kijana asiye na ugonjwa wowote unaojulikana. Ujauzito nao huongeza hatari kwa mwanamke ambaye aota yake tayari ni dhaifu, hasa katika miezi mitatu ya mwisho na wiki za kwanza baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua juzi, akapatwa ghafla na maumivu makali kati ya mabega, hastahili kuambiwa kwamba ni uchovu wa leba kabla hajapimwa.

Sasa maumivu yenyewe. Katika ripoti hiyo ya IRAD, wagonjwa 9 katika kila 10 walisema maumivu yalikuwa makali sana au makali kuliko yote waliyowahi kuyapata, na asilimia 85 walisema yalianza ghafla. Naona neno la msingi hapa ni hilo la ghafla. Maumivu ya mshtuko wa moyo kwa kawaida hujijenga: huanza kama kubanwa, yakapanda kwa dakika kadhaa. Maumivu ya aota kuchanika hufikia kilele papo hapo, na mara nyingi mgonjwa anaweza kutaja alichokuwa akifanya wakati ule: alikuwa anainua ndoo, anafunga mlango, anainuka kutoka kwenye sala. Wengi huyaeleza kama kuchanwa, wengi zaidi husema ni kama kuchomwa na kitu chenye ncha. Yanaweza kuanzia kifuani mbele, au kati ya mabega, kisha yakahamia chini mgongoni na tumboni kwa kufuata njia ya mchaniko. Baadhi ya wagonjwa huzimia bila kueleza chochote, na wachache, hasa wazee, hawahisi maumivu kabisa bali huja na kiharusi au kuishiwa pumzi.

Kwa hiyo mgonjwa wa kifua aulizwe mambo matatu bila kukosa: yalianzaje, yakoje, na yamehama kwenda wapi. Maswali hayo hayana gharama na hayahitaji umeme. Yasipoulizwa, hata mji wenye mashine zote duniani haumwokoi mgonjwa. Mwezi Januari 1996 mtunzi wa tamthilia za muziki Jonathan Larson, mwenye umri wa miaka 35, alikwenda hospitali mbili za New York ndani ya siku chache akiwa na maumivu ya kifua. Mara ya kwanza aliambiwa ni sumu ya chakula, mara ya pili akaambiwa ni homa ya virusi, na alfajiri ya tarehe 25 alifariki nyumbani kwake kwa aota iliyochanika. Miaka saba baadaye, mwezi Septemba 2003, mwigizaji John Ritter alitibiwa kama mgonjwa wa mshtuko wa moyo huko California, akafariki siku hiyo hiyo kwa ugonjwa huu akiwa na miaka 54. Nawataja hawa wawili kwa kuwa habari zao zinajulikana hadharani, na kwa kuwa zinaonyesha kwamba kinachokosekana mara nyingi si mashine bali ni fikra ya kuitumia.

Baada ya maswali huja mikono. Mgonjwa alale, na mpimaji ashike mpigo wa mkono wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja, kisha wa kinena pande zote mbili, akilinganisha nguvu yake. Mpigo uliofifia au kutoweka upande mmoja ni ishara nzito. Halafu shinikizo la damu lipimwe katika mikono yote miwili, kwa kifaa kile kile na kwa mkanda unaolingana na ukubwa wa mkono, na namba zote mbili ziandikwe kwenye faili. Tofauti inayozidi milimita 20 za zebaki katika namba ya juu, kwa mtu mwenye maumivu kama yale yaliyoelezwa, inatosha kumfanya tabibu aache kila kitu na kuifikiria aota. Ni jambo la dakika tatu, na bado katika vituo vingi vyenye msongamano mkono mmoja ndio unaopimwa, tena ule ulio karibu na meza. Stetoskopu nayo iwekwe kifuani kusikiliza sauti ya damu inayorudi kupitia vali, ambayo haikuwapo kabla, na mishipa ya shingo iangaliwe kama imevimba. Ila isidhaniwe kwamba vipimo hivi vikiwa sawa hatari imekwisha: katika ripoti ya kwanza ya IRAD, mpigo uliopungua ulionekana kwa asilimia 15 tu ya wagonjwa. Ishara ikiwapo inasaidia sana, ikikosekana haitoi hakikisho.

Kipimo cha ECG, kinachosoma umeme wa moyo, kifanywe kwa kila mmoja, kwa kuwa mshtuko wa moyo bado ndio uwezekano mkubwa zaidi, lakini kisomwe kwa tahadhari, maana mchaniko ukiziba mlango wa mshipa wa moyo ECG itaonyesha mshtuko wa moyo na haitakuwa imedanganya. Hapo ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa streptokinasi ya kuyeyusha bonge la damu, au heparini ya kuzuia damu kuganda, damu iliyokuwa ikijipenyeza ukutani hukosa chochote cha kuizuia. Sisemi kwamba kila mwenye mshtuko wa moyo acheleweshwe akisubiri kupigwa picha ya aota. Kufanya hivyo kungewaua wengi zaidi. Nasema kwamba kabla ya sindano ya kuyeyusha damu, tabibu aulize maumivu yalianzaje na apime mikono miwili, na kama majibu yanatia shaka, asimame hapo hadi apate picha.

Eksirei ya kifua inaweza kuonyesha kivuli cha katikati kilichopanuka, lakini katika wagonjwa wale 464 ilikuwa ya kawaida kabisa kwa takribani asilimia 12, kwa hiyo eksirei nzuri haimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinachofanywa juu ya kifua ni msaada mkubwa pale ambapo hakuna mashine kubwa: kwa mtaalamu aliyezoea kinaweza kuonyesha aota iliyotanuka mwanzoni mwake, maji au damu katika mfuko wa moyo, vali inayovuja, na wakati mwingine utando wenyewe uliochanika ukipepea ndani ya mshipa. Kuuona utando huo ni uthibitisho wa karibu, kutouona hakuthibitishi kitu. Eko inayopitishwa kwenye umio huona vizuri zaidi, kwa kuwa umio uko nyuma tu ya moyo, lakini huhitaji mtaalamu na usingizi wa dawa.

Kipimo kinachoamua katika hospitali nyingi ni CT-Scan yenye dawa ya kung'arisha mishipa, ikipigwa kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga. Ndani ya dakika chache huonyesha utando mwembamba ukizigawa njia mbili, mahali ulipoanzia, mahali ulipoishia, na matawi yaliyoathirika. Ni muhimu fomu ya maombi iseme wazi kwamba inashukiwa aota imechanika, kwa sababu CT-Scan ya kifua ya kawaida, isiyo na dawa hiyo, inaweza kuukosa mchaniko. Hofu ya kuumiza figo kwa dawa ya kung'arisha ni ya haki katika hali nyingine. Mbele ya ugonjwa unaoweza kuua kabla ya asubuhi, haifai kuwa sababu ya kungoja.

Upo pia uchunguzi wa damu uitwao D-dimer, ambao hupanda pale bonge la damu linapovunjwavunjwa mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukihusu wagonjwa 1,850 ulionyesha kwamba kwa mtu ambaye maelezo na ukaguzi wake vinaonyesha hatari ndogo, D-dimer iliyo chini ya 500 inaweza kutumika kuuondoa ugonjwa huu kwenye orodha kwa usalama mkubwa. Kwa mwenye hatari kubwa haina kazi, na majibu yaliyopanda hayathibitishi kitu, kwa kuwa hata mimba, maambukizi na upasuaji huipandisha. Itumike kupunguza picha zisizo za lazima, isitumike kuichelewesha iliyo ya lazima.

Matibabu hayangoji uthibitisho. Pale shaka inapokuwa nzito, kazi ya kwanza ni kupunguza nguvu ya kila pigo la moyo, kwa sababu kinachouendeleza mchaniko ni shinikizo pamoja na kasi ambayo shinikizo hilo hupanda katika kila pigo. Lengo ni mapigo yasiyozidi 60 kwa dakika na namba ya juu ya shinikizo la damu kati ya 100 na 120, mradi mgonjwa anaendelea kufahamu na kutoa mkojo. Maumivu yatulizwe kwa mofini au dawa ya nguvu hiyo, kwa huruma na pia kwa kuwa maumivu yenyewe hupandisha presha. Kisha hufuata dawa za kundi la beta-bloka, zinazopunguza kasi na nguvu ya mapigo ya moyo, zikipitishwa kwenye mshipa, kama esmololi au labetaloli. Mapigo yakishatulia ndipo huongezwa dawa ya kutanua mishipa, kama presha bado iko juu.

Mfuatano huo unahitaji kusisitizwa hapa kwetu, kwa sababu ya kitu kilichopo kwenye makabati yetu. Haidralazini, dawa ya kushusha presha, imezoeleka katika hospitali nyingi za wilaya, hasa wodi za wazazi, kwa ajili ya kifafa cha mimba, na mkono wa muuguzi huifikia haraka mbele ya presha ya 220. Nifedipini inayofanya kazi haraka nayo hutumika hivyo hivyo. Dawa hizo hutanua mishipa ghafla, moyo hujibu kwa kupiga haraka na kwa nguvu zaidi, na namba ya presha inaweza kushuka huku mchaniko ukiendelea. Kwenye wodi hizo hizo za wazazi mara nyingi labetaloli nayo huwapo, na hiyo ndiyo inayofaa kushikwa kwanza. Ikiwa hakuna dawa ya mshipa, beta-bloka ya kumeza ni bora kuliko haidralazini peke yake. Tahadhari ipo kwa mgonjwa ambaye presha yake imeshuka: huyo huenda moyo wake umebanwa na damu au mshipa umepasuka, hivyo hapewi dawa za kushusha, bali huongezewa maji kwa kiasi na kukimbizwa kwa mpasuaji. Kuchoma sindano na kunyonya damu yote iliyojaa mfuko wa moyo kunaweza kurudisha presha ghafla na kuuvujisha upya mchaniko. Hufanywa kwa kiasi kidogo tu, pale mgonjwa asipoweza kufika chumba cha upasuaji akiwa hai.

Rufaa iandaliwe wakati dawa zinaingia. Upasuaji huu haufanywi kila mahali. Huhitaji mashine ya kusukuma damu nje ya mwili, timu iliyozoea moyo, benki ya damu yenye akiba na chumba cha uangalizi maalumu. Katika ukanda wetu vituo vya upasuaji wa moyo vipo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala, na zipo hospitali kubwa za Nairobi. Simu ipigwe kabla gari halijaondoka, mpokeaji aambiwe jina la ugonjwa unaoshukiwa, na anayemsindikiza mgonjwa aendelee kupima presha na mapigo njiani. Ilikadiriwa kwa miaka mingi kwamba mgonjwa wa aina A asiyetibiwa huongezewa hatari ya kufa kwa asilimia 1 hadi 2 kila saa katika siku mbili za mwanzo. Takwimu za karibuni ni za chini kidogo, kama nusu asilimia kwa saa, lakini hata hiyo inatosha kulifanya jalada linalosubiri saini kuwa sehemu ya ugonjwa.

Katika upasuaji wa aina A kifua hufunguliwa, damu huhamishiwa kwenye mashine, na mwili hupozwa ili ubongo uhimili dakika ambazo mzunguko wa damu husimamishwa au kupunguzwa. Sehemu ya aota iliyochanika karibu na moyo hukatwa na kuwekwa bomba la kitambaa cha sintetiki, na vali hurekebishwa au kubadilishwa kama imeharibika. Mara nyingi mchaniko ulioko mbele, kwenye sehemu inayoteremka, huachwa na kufuatiliwa, kwa kuwa lengo la usiku ule ni kuondoa kile kinachoua. Ni upasuaji mzito: katika ripoti ya kwanza ya IRAD, asilimia 26 ya waliopasuliwa kwa aina A walifariki hospitalini. Lakini kati ya wale wa aina A ambao hawakupasuliwa, kwa uzee au hali mbaya mno, walifariki asilimia 58. DeBakey mwenyewe aliupata ugonjwa huu tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, akiwa peke yake nyumbani, na alipousikia uchungu ule alihisi ni nini. Alikataa upasuaji kwa wiki kadhaa, hadi hali ilipomzidia mwezi Februari 2006 akapasuliwa kwa njia aliyosaidia kuibuni. Alipona baada ya miezi mingi ya hospitali na kuishi hadi Julai 2008. Umri peke yake, kwa hiyo, si jibu la kutosha kwa ndugu wanaouliza kama mzee wao anaweza kusaidiwa.

Aina B isiyo na matatizo hutibiwa kwa dawa zile zile katika uangalizi maalumu, na wengi hutoka hospitalini wakiwa hai. Ikitokea kwamba tawi la utumbo, figo au mguu limezibwa, au mshipa unaelekea kupasuka, au maumivu na presha havitulii, huwekwa bomba lenye fremu ya waya linalopitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi kwenye aota bila kufungua kifua; bomba hilo huufunika ufa na kuirudisha damu katika njia yake. Njia hiyo ilianza kuripotiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1999 na imewaepusha wengi na upasuaji mkubwa.

Aliyetoka hospitalini hajamaliza. Sehemu iliyobaki ya aota ni ile ile dhaifu, na inaweza kutanuka taratibu kwa miaka. Atatumia dawa za presha, beta-bloka zikiwa mstari wa mbele, kwa maisha yake yote, akilenga kuwa chini ya 130 kwa 80. Atapigwa picha tena katika miezi ya kwanza kisha kila mwaka. Kutembea na kazi nyepesi ni vyema, ila kubeba magunia, kuinua vyuma na kusukuma gari lililozimika kwa kubana pumzi aviache. Ataje historia yake kila anapoandikiwa dawa, kwa sababu mwezi Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu antibayotiki za kundi la siprofloksasini kwa watu wenye aota dhaifu, na siprofloksasini hapa kwetu hununuliwa dukani kwa urahisi.

Uchunguzi uwafikie pia wazazi, ndugu na watoto wake, hasa kama aliugua akiwa kijana au ana umbile la Marfan. Mchezaji wa voliboli wa Marekani Flo Hyman, mrefu wa karibu mita mbili, alianguka na kufariki tarehe 24 Januari 1986 akiwa kwenye mechi mjini Matsue, Japani, akiwa na miaka 31. Uchunguzi wa mwili ulionyesha aota iliyochanika kutokana na Marfan ambayo hakuna aliyeijua. Familia yake ilipopimwa baadaye, kaka yake alikutwa na tatizo hilo hilo na akafanyiwa upasuaji mapema. Kwa ndugu wa namna hiyo kipimo cha kuanzia ni eko ya mwanzo wa aota, inayopatikana katika hospitali nyingi za rufaa, pamoja na kupima presha. Aota ikikaribia sentimita 5 kwa mwenye Marfan, au 5.5 kwa wengine wengi, hujadiliwa upasuaji wa kupangwa kabla haijachanika. Eko ya kwanza ikiwa nzuri, mtoto anayekua apewe tarehe ya kurudi, kwa kuwa aota yake bado inakua pamoja naye.